Mwanamke anayefikiria jeshi: askari au afisa, vikosi vya mapigano au vya huduma, utumishi wa kudumu au wa akiba

Mwanamke anapowaambia watu wake kwamba anafikiria kuingia jeshini, swali la kwanza analoulizwa ni kama ataweza. Ni swali la haki, lakini halimsaidii kuchagua. Wanawake wawili wanaweza kuvaa sare moja, wakaapa kiapo kimoja siku moja, na baada ya miaka kumi wakawa wameishi maisha yasiyofanana hata kidogo: mmoja ni sajenti fundi wa mitambo ambaye hajahama kambi zaidi ya mara moja, na mwingine ni kapteni aliyekwisha kuongoza watu, kusoma kozi tatu na kuhama vituo vinne. Tofauti hiyo haikutokana na bahati pekee. Sehemu kubwa iliamuliwa siku ya uandikishaji, kwa mlango walioingilia, kazi waliyochagua na aina ya mkataba walioutia saini. Mambo hayo matatu ndiyo yanayolinganishwa hapa, kwa sababu ndiyo ambayo mwombaji bado ana uwezo wa kuyaamua. Akishaapa, mengi huamuliwa kwa niaba yake.

Kabla ya ulinganisho wenyewe, ni lazima kujua kipi kiko wazi kisheria katika jeshi unalolenga, maana nchi hazikufungua milango kwa pamoja. Norway iliwaruhusu wanawake kutumikia kwenye nyambizi mwaka 1985, na miaka kumi baadaye Solveig Krey akawa mwanamke wa kwanza duniani kuongoza nyambizi ya kijeshi. Kanada ilifungua karibu kazi zote za mapigano mwaka 1989, lakini nyambizi zake zikasubiri hadi mwaka 2001. Nchini Ujerumani wanawake waliruhusiwa tu katika tiba na bendi, mpaka fundi wa elektroniki aitwaye Tanja Kreil alipokwenda mahakamani na Mahakama ya Ulaya ikampa haki mwaka 2000. Marekani ilitangaza Desemba 2015 kwamba kazi zote ziko wazi, na Uingereza ikafanya hivyo Oktoba 2018. Mlango uliofunguliwa kwenye karatasi, hata hivyo, haumaanishi kwamba kuna mtu ameshaupita. Kwa hiyo uliza maswali mawili tofauti: je, kazi hii inaruhusiwa kwa wanawake, na je, ni wanawake wangapi wanaifanya leo na wana vyeo gani? Jibu la swali la pili ndilo litakalokuonyesha maisha yako yatakavyokuwa.

Askari au afisa

Mlango wa askari humpokea mtu mwenye elimu ya sekondari, na mara nyingi akiwa kijana sana. Mafunzo ya awali huchukua majuma kadhaa au miezi kadhaa kutegemea nchi, kisha hufuata kozi ya fani, na baada ya hapo askari hupelekwa kikosini. Ngazi yake ni ya koplo, sajenti, na hatimaye afisa mteule, ambaye ni mtu anayeheshimiwa sana jeshini kwa ujuzi wake. Mlango wa afisa hudai shahada, au hukupeleka kwenye chuo cha kijeshi kwa muda unaoweza kuwa chini ya mwaka mmoja au kufikia miaka minne, na ukihitimu unapewa kamisheni, yaani uteuzi rasmi wa kuwa afisa, na kuwa luteni usu, cheo cha chini kabisa cha afisa. Siku ya kwanza kikosini luteni usu hukabidhiwa platuni, yaani watu wapatao thelathini, wengi wao wakiwa na uzoefu kuliko yeye na baadhi wakimzidi umri kwa miaka mingi.

Kwa upande wa kipato na malazi, afisa yuko juu tangu mwanzo, na si haja ya kulijadili sana. Linalostahili kutazamwa kwa makini ni aina ya upweke na aina ya mamlaka. Askari mwanamke huishi katika hanga, yaani bweni la kambini, pamoja na wenzake, hula nao, hushika lindo nao, na akipata urafiki wa kweli na wanawake wengine wa kikosi chake, urafiki huo humbeba katika siku ngumu. Lakini faragha yake ni ndogo na uwezo wake wa kukataa jambo ni mdogo zaidi. Afisa mwanamke ana chumba chake na ana sauti, ila mara nyingi huwa peke yake kwenye meza ya maafisa, na hawezi kuwafanya rafiki wanawake walio chini yake bila kuonekana anapendelea. Mwenye haiba ya kutafuta wenzake na mwenye haiba ya kubeba uamuzi peke yake hawapaswi kupewa ushauri mmoja.

Tofauti nyingine ni ya mikono. Askari hujifunza fani na kuifanya kwa miaka: anarekebisha injini, anaendesha rada, anatibu majeruhi. Afisa huongoza wanaofanya hayo, na kadiri anavyopanda ndivyo anavyokuwa mtu wa mipango, ripoti na mikutano. Mwanamke anayependa ufundi wenyewe anaweza kujuta kuwa afisa, na nimeona watu wakilisahau jambo hili kwa sababu ya mng'ao wa cheo.

Katika majeshi mengi askari anaweza kupanda na kuwa afisa, na wapo walioipitia njia hiyo wakawa viongozi bora kabisa, kwa kuwa waliyajua maisha ya hanga. Hata hivyo njia hiyo ina nafasi chache, ina kikomo cha umri, na hutegemea mapendekezo ya wakuu wako. Mwanamke mwenye shahada mkononi anayeambiwa aingie kwanza kama askari kisha atapanda baadaye, kwa maoni yangu anapaswa kukataa, isipokuwa kama anaitaka ile fani kwa ajili yake yenyewe. Kuna pia mlango wa tatu usiotangazwa sana, wa wataalamu: madaktari, wauguzi, wanasheria, wahandisi na wengine wanaopewa mafunzo mafupi zaidi ya kijeshi na kuanza na cheo kinacholingana na taaluma yao. Mlango huu unamfaa aliyekwishavuka umri wa kuruta, ingawa mara chache humfikisha mtu kwenye uongozi wa vikosi.

Anayechagua uafisa asiishie kuuliza kama atapata kamisheni, aulize ni kamisheni ya aina gani. India inatoa funzo lililo wazi. Kwa miaka mingi maafisa wanawake wa jeshi la nchi kavu walipewa kamisheni ya muda mfupi tu, iliyoweza kuongezwa hadi miaka 14, ilhali pensheni ya afisa ilihitaji miaka 20 ya utumishi. Mwanamke aliweza kulitumikia jeshi kwa ujana wake wote na kuondoka bila pensheni, huku mwanamume waliyeanza naye akiendelea. Februari 2020 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamuru wanawake wafikiriwe kwa kamisheni ya kudumu sawa na wanaume, ikakataa hoja za maumbile na majukumu ya nyumbani, na ikapinga pia kuwazuia kwa jumla kushika nafasi za ukamanda. Kamisheni ya muda mfupi si mbaya kwa kila mtu. Anayetaka miaka michache, kiinua mgongo na uzoefu wa uongozi anaweza kuipenda kuliko ile ndefu. Ubaya ni kuingia kwenye ya muda mfupi ukidhani ni ya kudumu.

Kwa anayevutiwa na kulinda amani, mlango unaleta tofauti kubwa pia. Umoja wa Mataifa umejiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 2028 wanawake wawe asilimia 15 ya wanajeshi wanaokwenda na vikosi, lakini asilimia 25 ya waangalizi wa kijeshi na maafisa wa makao makuu ya misheni. Nafasi hizo za pili hujazwa na mtu mmoja mmoja, na kwa kawaida ni za maafisa. Askari husubiri kikosi chake kizima kipangwe.

Vikosi vya mapigano au vikosi vya huduma

Huu ndio uchaguzi ambao wanawake hupewa ushauri mbaya zaidi, na ushauri wenyewe hutolewa kwa upendo: chagua ofisi, ugavi, mawasiliano au tiba, utakuwa salama na kazi itakuwa nyepesi. Mambo hayo mawili yanahitaji kutenganishwa.

Kuhusu usalama, vita vya Iraq na Afghanistan vilitoa jibu. Wanawake wa Marekani zaidi ya 150 walikufa katika vita hivyo, wakati ambapo kwa sehemu kubwa sheria ilikuwa bado inawakataza kupangiwa vikosi vya mapigano ya ardhini. Walikuwa madereva wa misafara, polisi wa jeshi, matabibu, watu wa ugavi. Mabomu ya kutegwa barabarani hayakuuliza fani ya mtu. Machi 2005 msafara ulipovamiwa nchini Iraq, Sajenti Leigh Ann Hester wa polisi wa jeshi aliongoza mashambulizi ya kujibu hadi ndani ya handaki la adui, na akawa mwanamke wa kwanza tangu Vita Kuu ya Pili kupewa nishani ya Nyota ya Fedha. Kisheria hakuwa mpiganaji wa mstari wa mbele. Kwa hiyo anayechagua kikosi cha huduma achague kwa sababu anaipenda kazi hiyo, na adai mafunzo ya silaha yaliyo kamili.

Kuhusu upandaji vyeo, mapigano bado yana uzito wake. Jennie Carignan, aliyeanza utumishi mwaka 1986 na kuwa mkuu wa majeshi ya Kanada Julai 2024, alitokea uhandisi wa medani, ambayo ni fani ya mapigano. Ann Dunwoody, mwanamke wa kwanza wa Marekani kuwa jenerali wa nyota nne mwaka 2008, alitokea ugavi, tena baada ya miaka 33 tangu kamisheni yake. Fatuma Ahmed wa Kenya, aliyeingia jeshini enzi ambapo wanawake waliwekwa katika kikosi chao cha peke yao kilichovunjwa mwaka 1999, alifikia kuwa kamanda wa jeshi la anga mwaka 2024. Njia ya huduma inafika mbali, basi. Lakini kiti cha juu kabisa katika majeshi mengi hupewa waliolelewa katika askari wa miguu, vifaru, mizinga, uhandisi wa medani au urubani, na msichana mwenye ndoto hiyo anapaswa kuambiwa mapema, si akiwa meja wa miaka arobaini.

Kuhusu uzito wa kazi, ukweli lazima usemwe bila kumtisha mtu na bila kumbembeleza. Nguvu za mikono na mabega za mwanamke wa wastani ni kati ya nusu na theluthi mbili za mwanamume wa wastani, tofauti ya miguu ni ndogo kuliko hiyo, na askari wa miguu hubeba kilo 30, 40 au zaidi kwa masafa marefu. Mzigo haupungui kwa sababu aliyeubeba ana kilo 58. Wapo wanawake wanaoumudu: Agosti 2015 Kristen Griest na Shaye Haver walihitimu kozi ya Ranger ya jeshi la Marekani, ambayo wanaume wengi huishindwa. Ila gharama kwa mwili ni kubwa na inapaswa kuingia kwenye hesabu. Makuruta wa kike huvunjika mifupa kwa uchovu, yaani nyufa zinazotokana na mkazo unaojirudia, mara kadhaa zaidi ya wanaume, hasa kwenye muundi, mguu na nyonga. Nchini Uingereza ilijulikana mwaka 2013 kwamba makuruta wa kike wa jeshi la anga walilipwa fidia baada ya kuumia nyonga kwa kulazimika kupiga hatua ndefu za wanaume wakati wa kwata.

Hapa maandalizi yana thamani kuliko ujasiri. Miezi sita ya kuzoeza mifupa polepole, kwa kukimbia, kunyanyua vitu vizito na kutembea na mzigo unaoongezwa kidogo kidogo, huzuia mengi. Pima damu kujua kiwango cha chuma kabla ya kuripoti. Utafiti uliofanywa kwa makuruta wa kike wa jeshi la majini la Marekani ulionyesha kwamba kalsiamu pamoja na vitamini D zilipunguza nyufa hizo kwa takriban asilimia 20, na si kinga ya gharama. Na hedhi ikikatika wakati wa mafunzo usiione kuwa nafuu: mara nyingi ni dalili kwamba mwili haupati chakula cha kutosha, na mfupa ndio unaofuata kulipa. Uliza pia kama fulana za kuzuia risasi na mabegi ya mgongoni yapo katika vipimo vya wanawake, kwa sababu fulana ndefu kupita kiasi humzuia mtu kuinama na kulenga.

Neno moja kuhusu vipimo vya mwili, kwa kuwa huchanganywa sana. Majeshi mengi yana kipimo cha afya ya jumla, ambacho alama zake hutofautiana kwa umri na jinsia, na kipimo cha kazi, ambacho ni kimoja kwa kila anayetaka kazi hiyo. Kufaulu cha kwanza hakukupi haki ya kazi inayodai cha pili. Anayelenga vikosi vya mapigano ajifunzie kipimo cha kazi tangu mwanzo, na asikubali kuambiwa kwamba alama za wanawake zitamtosha.

Nchi kavu, majini, angani

Jeshi la nchi kavu lina nafasi nyingi zaidi na fani nyingi zaidi, na ndilo linalodai mwili zaidi. Jeshi la anga kwa kawaida lina maisha ya kambini yaliyotulia na ufundi unaotafutwa uraiani, ila urubani wenyewe una nafasi chache sana na masharti ya macho, kimo na afya yanayowaondoa wengi mapema, wanaume kwa wanawake. Jeshi la majini hutofautiana kwa jambo moja linalofunika mengine yote: ukiwa baharini kwa miezi, huwezi kurudi nyumbani kwa dharura, na faragha ndani ya manowari ni finyu. Mwanamke asiye na watoto anaweza kuuona muda huo kuwa bora kuliko yote maishani. Mwenye mtoto mchanga atauona kwa jicho jingine.

Kudumu au akiba

Utumishi wa kudumu hutoa mshahara wa kila mwezi, matibabu, nyumba na pensheni, na huchukua uhuru wako wa kuamua utaishi wapi. Jeshi la akiba hukuacha na kazi yako ya kiraia, hukudai siku kadhaa za mafunzo kwa mwaka, na linaweza kukuita wakati wowote taifa likihitaji. Wengi huichukulia akiba kama jeshi lisilo na vita. Hester niliyemtaja juu alikuwa wa Gadi ya Taifa, ambayo ni sehemu ya akiba ya jeshi la Marekani, si wa jeshi la kudumu. Kwa mama wa watoto wadogo, akiba ina faida ya kweli katika miaka ya amani, lakini ikija amri ya kuripoti hupewa muda mfupi, na mpango wa nani atabaki na watoto unapaswa kuwapo kabla, kwa maandishi, pamoja na mtu aliyekubali kwa hiari.

Uzazi na malalamiko

Mambo haya mawili hayatofautiani sana kwa mlango au fani, hutofautiana kwa jeshi lenyewe, na yanaweza kupindua uamuzi wote. Marekani iliwaachisha wajawazito utumishi hadi mwaka 1975, Uingereza hadi mwaka 1990. Leo jeshi la Marekani hutoa majuma 12 ya likizo ya malezi. Majeshi mengine bado yanamkataza kuruta kushika mimba ndani ya miaka fulani ya mwanzo, na adhabu ni kufukuzwa. Soma kanuni zenyewe. Angalia hasa kama muda wa likizo ya uzazi huhesabiwa katika miaka ya kupanda cheo, kwa sababu afisa anayekosa kozi moja muhimu akiwa na umri wa miaka thelathini anaweza kuachwa nyuma na kundi lake zima asilipate tena.

Udhalilishaji wa kijinsia si wa jeshi moja wala wa bara moja. Mwaka 2021 kamati ya Bunge la Uingereza iliwasikia wanawake zaidi ya 4,000. Kati ya waliostaafu, asilimia 64 walisema waliwahi kuonewa, kunyanyaswa au kubaguliwa, na kati ya waliomo kazini asilimia 58. Sizitaji takwimu hizi ili mtu akate tamaa. Nazitaja kwa sababu zinaonyesha swali la kulinganishia majeshi: mwanamke akishambuliwa, nani anaamua kama mtuhumiwa atashtakiwa? Kama ni kamanda wa kikosi kilekile, basi mlalamikaji anamtegemea mtu ambaye huenda ni rafiki wa mtuhumiwa, na ambaye sifa ya kikosi ni sifa yake. Marekani, baada ya mabishano ya miaka mingi, iliwaondolea makamanda uamuzi huo kwa makosa makubwa ya kingono na kuwapa waendesha mashtaka wa pekee walioanza kazi Desemba 2023. Jeshi lenye chombo cha malalamiko kilicho nje ya ngazi ya amri lina faida kubwa juu ya lile lisilonacho, hata kama mshahara wake ni mdogo kidogo, na katika kupima haya yote mimi ningelipa jambo hilo uzito wa kwanza.

Kwa atakayefika kwenye dawati la uandikishaji akiwa ameshaamua, ahadi za mdomo za mwandikishaji kuhusu fani, kituo au kozi hazina nguvu. Fani uliyoahidiwa iandikwe kwenye mkataba. Iandikwe pia miaka ya chini unayodaiwa, na kama inahesabiwa tangu siku ya kiapo au tangu kumaliza mafunzo, kwani kwa rubani au daktari tofauti kati ya hesabu hizo mbili inaweza kuwa miaka kadhaa ya maisha yake. Omba nakala, ondoka nayo, mtafute mwanamke aliyetumikia katika fani hiyohiyo akusomee vifungu vyake, kisha urudi siku nyingine na kalamu yako.